Barua ya spidi imekuja kwa jina la mume wangu: niende kozi au nilipe faini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Coventry, nafanya kazi ya kutunza wazee zamu za usiku, na leseni ya hapa nina miezi 14 tu tangu niipate. Juzi imekuja barua ya polisi kwa jina la mume wangu, maana gari ni lake. Wanasema lilipita maili 37 kwa saa penye kikomo cha 30, saa 12 na nusu asubuhi. Aliyekuwa anaendesha ni mimi, natoka kazini, na sikuona kamera ikimulika. Mume wangu anataka ajaze jina lake, kwa sababu leseni yake ni safi na mimi bado mgeni barabarani. Shoga yangu anasema ipo kozi ya spidi, unalipa, unakaa darasani, yanaisha. Mwingine ananiambia ni kupoteza hela, bora faini. Na mimi Kiingereza cha kuongea mbele za watu kinanipiga chenga. Je, kuna mtihani? Bima itapanda? Nina mtoto wa miaka 2 pia, sijui nitamweka wapi. Nishauri.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na shemeji, maana kwake ndiko kwenye moto. Habari ya kozi ni nyepesi, tutaifikia.

Barua aliyoipata si faini wala hukumu. Ni taarifa kwamba polisi wanakusudia kushtaki, na imekuja na fomu yenye swali moja kubwa: nani alikuwa kwenye usukani? Sheria ya barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 172, inampa siku 28 za kujibu. Asipojibu, anashtakiwa yeye kwa kutokujibu, na hilo ni kosa lenye pointi 6, yaani alama za makosa zinazoandikwa kwenye leseni, na faini inayoweza kufika pauni 1,000. Yaani mwendo wako wa asubuhi ile ulikuwa wa pointi 3, kimya chake ni cha 6. Nimeona watu wenye akili zao timamu wakiipachika barua kama hiyo juu ya friji pamoja na za halmashauri, "tutaiangalia Jumamosi", na Jumamosi zikapita nne.

Sasa hilo la kujaza jina lake. Najua anakupenda, na kwetu mume kubeba mzigo wa mkewe ni sifa. Lakini akiandika kuwa aliendesha yeye ilhali ulikuwa wewe, mmeshatoka kwenye makosa ya barabarani, mmeingia kwenye jinai ya kupotosha haki, na kosa hilo lina jela. Mwaka 2003 gari la mwanasiasa Chris Huhne lilinaswa na kamera kwenye barabara ya M11. Mkewe wa wakati ule, mchumi Vicky Pryce, akakubali kuzibeba pointi. Mambo yakatulia. Huhne akapanda hadi kuwa waziri wa nishati, kisha ndoa ikavunjika, na siri ya ndani ikatoka nje. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa miezi 8 jela, kila mtu na yake. Walikuwa wanakwepa pointi 3. Hao ni wenyeji, tena wakubwa. Mtu ambaye bado makaratasi yake yanapita mikononi mwa Wizara ya Mambo ya Ndani asilijaribu hata kwa mzaha.

Na kinachonichekesha ni kwamba shemeji anataka kukukinga na mvua ambayo huenda isinyeshe kabisa. Ukienda kozi hupati pointi hata moja.

Basi utaratibu ni huu. Yeye anaijaza fomu, anaandika jina lako, anuani yako na namba ya leseni yako kama dereva wa siku hiyo, anaituma. Baada ya hapo utaletewa barua yako wewe, kwa jina lako, nawe utakiri kuwa ndiye uliyeendesha. Hapo ndipo polisi wanaamua wakupe nini. Kuna watu watakuambia uhesabu siku 14, kwamba barua ikichelewa hapo kesi imekufa. Siku 14 zinahusu barua ya kwanza tu, ile ya kwenda kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Yako ikija wiki ya tano bado ni halali. Usije ukaitupa kwa hesabu ya kijiweni.

Kuhusu kamera kutokumulika: kwetu tumezoea kupigwa tochi na mtu mwenye uso. Askari yuko chini ya mwembe, wenzako wanaotoka mbele wameshakuwashia taa kukuonya, anakusimamisha, mnasalimiana, elfu 30, unapewa namba ya malipo na safari inaendelea. Hapa tochi haina uso. Inawezekana ni gari dogo la polisi limeegeshwa mbali juu ya daraja, kamera yake inakusoma toka mbali na haitoi mwanga wowote. Kwamba hukuona kitu haibadilishi chochote kwenye karatasi.

Je, mwendo wako unaingia kwenye kozi? Unaingia. Mwongozo wa wakuu wa polisi unasema kuchukuliwa hatua kunaanzia asilimia 10 juu ya kikomo na kuongeza maili 2, na kozi inaweza kutolewa mpaka asilimia 10 na kuongeza 9. Kwa kikomo cha 30 ni kuanzia 35 hadi 42. Wewe wa 37 uko humo kabisa. Penye 20 ni 24 hadi 31, penye 40 ni 46 hadi 53, na kwenye barabara kuu za 70 ni 79 hadi 86. Ukivuka hapo ni faini na pointi, na ukizidi sana, mathalani 50 penye 30, ni mahakamani. Sharti jingine ni kwamba usiwe umeshaikaa kozi hiyo kwa kosa lililotokea ndani ya miaka 3 iliyopita, na wanahesabu toka siku ya kosa hadi siku ya kosa. Lakini elewa hili: kozi ni hisani ya polisi, si haki yako. Wakikupa, barua ina tarehe ya mwisho ya kukubali na tarehe ya mwisho ya kuikaa. Ziandike kwenye kalenda ya jikoni, zote mbili.

Huyo anayekuambia faini ni bora, mwambie apige hesabu tena. Faini ni pauni 100 na pointi 3. Kozi bei yake hutofautiana kulingana na unapoichukulia, mara nyingi ni kati ya pauni 80 na 100, na unaruhusiwa kuchagua mahali popote nchini, kwa hiyo linganisha kabla hujalipa. Pesa ni karibu sawa. Tofauti ni pointi. Na kwako wewe pointi ni ghali kuliko kwa wengine, maana hujamaliza miaka 2 tangu ufaulu mtihani wako wa kwanza hapa. Dereva wa zamani hufungiwa akifikisha pointi 12 ndani ya miaka 3. Dereva mpya, kwa sheria ya mwaka 1995, akifikisha 6 ndani ya miaka yake 2 ya mwanzo leseni inafutwa. Inafutwa kweli: unarudi kuwa mwanafunzi, unabandika tena zile L nyekundu, unafanya mtihani wa maandishi na wa barabarani upya. Ukichukua pointi 3 sasa, umebakiza kosa moja dogo tu ufike huko. Nani atakupeleka zamu ya usiku wakati huo?

Haya, kozi yenyewe. Hapa nitasema kwa kirefu kwa sababu mimi nimeikaa. Ndiyo, mwalimu wa udereva. Nilinaswa na 36 penye 30 nikikimbilia mwanafunzi niliyemchelewesha, na mke wangu alijua siku barua ilipoangukia mlangoni.

Niliichukua kwa mtandao, kama wengi wanavyofanya tangu wakati wa korona, ingawa za darasani bado zipo. Muda ni karibu saa 3. Tulikuwa tisa kwenye skrini: mama mmoja mwenye kikombe cha chai, fundi bomba, muuguzi, mzee mwenye kola iliyonyooshwa kama anakwenda kanisani. Mkufunzi alimwita kila mtu pembeni kwanza akahakiki leseni yake, akauliza kama yuko peke yake chumbani. Kijana mmoja aliingia akiwa ameketi ndani ya gari lake la kazi, mkanda umefungwa, anasema amepaki. Mkufunzi hakubishana naye. Alimshukuru, akamtoa, hatukumwona tena. Ukichelewa ni hivyohivyo, hupokelewi, na huenda ukalipia upya. Kamera yako iwe wazi muda wote, simu iwe mbali, na tumia kompyuta badala ya kioo kidogo cha simu.

Hakuna mtihani. Hakuna anayekuuliza ulikuwa na spidi ngapi, wala hakuna kutajwa makosa ya mtu mbele ya wengine. Nilitegemea kuhubiriwa, sikuhubiriwa. Kinachotakiwa ni ushiriki: ukiulizwa ujibu, hata kwa sentensi moja. Kiingereza chako kisikutie hofu. Yule muuguzi alikuwa na lafudhi nzito kuliko yako na yangu, alisema "nilichoka, sikuangalia kibao", na mkufunzi alilijengea neno lile robo saa nzima ya mazungumzo. Kama kweli unaona hutafuata, wapigie wanaoendesha kozi kabla ya kulipa, uwaeleze. Siku yenyewe utakuwa umechelewa.

Sehemu iliyonifungua macho ilikuwa picha. Barabara pana, njia mbili kila upande, majani katikati, hakuna nyumba karibu, hakuna kibao hata kimoja. Akauliza kikomo ni ngapi. Majibu yakaja: 40, 50, fundi bomba akasema 70 kwa kujiamini. Mkufunzi akasema, angalieni nguzo. Kulikuwa na nguzo za taa, zimepangwa vizuri kando. Jibu ni 30. Nchini Uingereza barabara yenye taa za barabarani zisizopishana zaidi ya yadi 200, yaani kama mita 183, ni 30 isipokuwa kibao kikuambie vinginevyo. Na hapo ndipo wengi tunapoteleza: kwenye barabara kama hiyo hawaweki vile vibao vidogo vya kukukumbusha. Ukiona vibao vidogo vya duara vinajirudia kwenye nguzo, 40, 40, 40, ujue uko kwenye 40. Ukiona taa na hakuna vibao, ni 30, hata barabara iwe pana kama uwanja wa ndege. Yule mzee wa kola aliishika shingo yake akasema ameendesha miaka 41 akidhani kinyume chake.

Nina hakika ndicho kilichokupata. Saa 12 na nusu asubuhi, barabara tupu, pana, taa bado zinawaka, macho mazito. Mguu unafuata upana wa barabara.

Halafu ikaja hesabu ya breki, na hii nitaifanya kwa namba zako. Kitabu cha sheria za barabarani cha hapa kinasema gari la maili 30 kwa saa linahitaji mita 23 kusimama: 9 za kushtuka, 14 za breki. Tuseme mtoto anaruka barabarani mita 23 mbele. Mwenye 30 anasimama puani pake, wote wanatetemeka, wanakwenda nyumbani. Wewe wa 37, ambayo ni karibu kilomita 60 kwa saa, unatumia mita 11 kabla mguu haujagusa breki, na breki yenyewe inahitaji 21 hivi. Ukiipigia hesabu, pale ambapo mwenzako amesimama wewe bado unakwenda zaidi ya maili 24 kwa saa, karibu kilomita 40. Ndiyo spidi ya bodaboda anayekatiza mtaani. Tena mita zile za kushtuka zimepigwa kwa dereva aliye macho, anayechukua chini ya sekunde moja kuitikia. Mtu aliyegeuza wazee kitandani usiku kucha hana sekunde hiyo.

Mwishoni kila mtu alitaja kitu kimoja atakachobadili. Mimi nilisema nitaacha kupanga wanafunzi wawili bila nafasi katikati. Wewe nakupa changu cha kazini: kama gari la shemeji ni la gia za mkono, ingiza gia ya 3 penye 30 na ukae nayo. Injini itakulalamikia mapema kabla hujafika 37. Kama ni otomatiki, tafuta kwenye usukani kitufe cha kuwekea ukomo wa spidi. Magari mengi ya miaka ya karibuni yanacho na wenyewe hawajui.

Kozi ikiisha, mkufunzi anawaarifu polisi kuwa umekamilisha, na suala linafungwa. Hakuna pointi, hakuna hukumu. Kama itakubadilisha, hilo ni jingine. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Uchukuzi ya Uingereza, ukatoka mwaka 2018, ulikuta waliohudhuria wanarudia kosa kidogo kuliko waliochukua faini na pointi, lakini haukuweza kuonyesha kuwa ajali zenyewe zilipungua. Nakutajia na hilo la pili kwa sababu wauza maneno hulificha. Kwangu mimi, saa 3 za kukumbushwa nguzo za taa ni afadhali kuliko pauni 100 zinazokwenda bila kuniambia kitu.

Bima. Pointi ungeandikiwa kwenye leseni kwa alama ya SP30, zikakaa miaka 4, na kampuni za bima huuliza kuhusu hukumu za miaka 5 iliyopita, kwa hiyo bei ingepanda. Kozi si hukumu, na kampuni nyingi haziulizi. Chache zinauliza moja kwa moja, "umewahi kuhudhuria kozi ya spidi?" Ukiulizwa, sema ndiyo. Ukidanganya, siku ya ajali ndipo watakapoikumbuka fomu yako.

Mawili matatu ya haraka. Ukinaswa Scotland usitegemee kozi, kule hawana huu utaratibu. Ukienda Wales kuwatembelea ndugu wa Cardiff, kumbuka tangu 17 Septemba 2023 barabara za makazi zenye taa kwa kawaida ni 20, si 30. Na ukipata ujumbe wa simu unaosema ulipie faini ya spidi kwa kubonyeza kiungo, ufute. Polisi wanakuandikia barua, na jukwaa la kujiandikishia kozi unalipata ndani ya barua hiyohiyo.

Mtoto asiwe chumbani siku hiyo. Hawataki mtu mwingine yeyote asikilize, na wa miaka 2 hatakuacha umalize sentensi. Chagua siku ambayo hukutoka zamu ya usiku, shemeji amshike, ampeleke bustanini. Lakini kabla ya yote hayo aijaze ile fomu leo kwa jina lako, aipige picha pande zote mbili, akaitume posta kaunta na adai risiti ya kuthibitisha ametuma. Risiti hiyo ni bure.